Mkono wa Musafiri kwenye Timu

Tajudini hajawahi kukanyaga barafu maishani mwake. Barafu anayoijua ni ile ya mifuko ya nailoni wanayouza wenye friji pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, siku umeme ukiwa na huruma. Lakini ole wako umuulize habari ya hoki ya barafuni. Atakushika mkono, atakukalisha juu ya tairi, atakueleza kwa nini mlinzi mwenye alama themanini za kuteleza na hamsini za kukaba ni hasara tupu, na hutaondoka hapo mpaka adhana ya alasiri ikuokoe.

Yaani ndivyo alivyokuwa. Siku hizi haelezi tena.

Ni fundi wa magari, mtoto wa fundi, mjukuu wa fundi. Gereji yao iko pale pale tangu babu yake alipofika kutoka Ujiji na begi la spana. Sifa yake kubwa mtaani ni moja: anaujua mkono wa kila fundi. Mletee gia boksi aifungue, aangalie nati mbili tatu, atakuambia, "Hii alifunga Mohamadi. Yule hajui kuacha silikoni." Ukifuatilia, utakuta ni Mohamadi kweli. Na kwao gerejini watu hawaelezani kazi. Mmoja akienda kuswali huacha spana juu ya nati aliyofikia, mwenzake akija anaendelea hapo hapo, na hakuna aliyefungua mdomo. Kazi ndiyo inayosema. Tajudini alikulia ndani ya lugha hiyo akaiamini kuliko maneno ya watu, na ndiyo iliyommaliza.

Musafiri alikuwa rafiki yake. Alikuwa mkimbizi wa Bukavu, kijana mwembamba wa kucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe, na alikuwa akiuza chaja na vifuniko vya simu katika kibanda kilichopakana na gereji. Mafuta yalipoadimika mjini, magari yakalala foleni kwa majuma, na gereji ikalala nayo. Mafundi wakahamia kwenye karata. Siku moja Musafiri akaja na simu yake.

"Grand, karata ni ya wazee," alisema; ndivyo alivyomwita, kaka mkubwa. "Njoo tufundishe timu."

Katika mchezo ule huchezi wewe. Wewe ni kocha na mwenye timu. Unapewa watu ishirini na wawili wa kwenye simu, kila mmoja na alama zake: za kuteleza, za kupiga, za kukaba, na alama ya pumzi, inayoshuka mtu akicheza na kupanda akipumzishwa. Unawapanga mistari minne. Mmoja ukichoka, mwingine unaingia. Kila siku mchana kuna mechi na timu ya mtu asiyejulikana, wa Ufini au wa wapi huko, na wewe unasubiri matokeo. Timu yao waliiita Barafu ya Buyenzi. Wachezaji walikuja na majina yasiyotamkika, wakawabatiza upya: kipa mkongwe akawa Télesphore, mshambuliaji mwenye mbio akawa Jimmy, na kipa chipukizi akawa Prodige.

Waligombana tangu siku ya kwanza. Tajudini alipanga timu kwa roho ya fundi: injini nzuri haiuzwi, inafunguliwa na kufungwa upya. Alijihami, alitumia wazee, na mchezaji aliyemwamini alimchezesha mpaka alama zake zikawa za kutia huruma. Musafiri alikuwa kinyume. Pumzi ikishuka chini ya sabini alimtoa mtu, hata awe nani, akamwingiza anayefuata kwa alama. "Grand, we unapenda watu mpaka unawaua," alimwambia. Hata hivyo, kwa ugomvi huo huo, wakapanda kutoka ligi ya tano hadi ya tatu, na barabara nzima ikajua.

Kisha karatasi za Musafiri zikatoka. Alikuwa amezisubiri miaka saba, na zilipokuja zilikuja kwa haraka isiyo na adabu: Canada, ndani ya siku tisa. Asubuhi ya kuondoka alipita gerejini na begi lake mgongoni, akaufungua mchezo ndani ya simu ya Tajudini. Mchezo ulisema Kiingereza, na Tajudini Kiingereza hasomi, kwa hiyo akamwonyesha kwa rangi. Kijani ni kupanga, nyekundu ni kuuza.

"Zingine usiguse. Nami kule nitafungua ile ile timu," alisema. "Kupiga simu toka kule ni bei, grand, tusimalize megabaiti na allo allo. Ukiona timu imeguswa, ujue niko."

Wakapeana mikono. Tajudini alijificha kwenye shimo la gereji akajifanya anatafuta nati iliyoanguka, maana hakutaka mtu mzima aonekane akilia saa mbili za asubuhi.

Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa mizuri. Musafiri alimpigia mama yake kila Jumapili, na Tajudini alipokea sauti za kurekodiwa mara moja moja. Mojawapo anaitunza mpaka leo: "Grand, nimeona barafu ya ukweli! Watoto wanateleza kama vile walizaliwa na ile viatu. Mi nimeanguka mara ine." Nyuma yake unasikia watu wanacheka.

Mwezi wa nne, kimya. Namba haikuita tena. Mama yake, Nsimire, alikwenda katika ofisi iliyompeleka mwanawe, akaambiwa kwa upole kwamba Musafiri ni mtu mzima, na habari za mtu mzima hazitolewi bila ruhusa yake. Akauliza tu kama yu hai. Akajibiwa yale yale.

Lakini timu iliguswa! Kila alfajiri, baada ya swala, Tajudini alifungua simu akakuta mabadiliko. Jana Tajudini kampanga Jimmy mstari wa kwanza. Leo Jimmy yuko benchi, pumzi sitini na nne. Télesphore katolewa golini, Prodige kaingia. Na yote yalifanyika usiku wa Bujumbura, wakati Canada bado ni mchana na watu wako macho. Mkono wenyewe ulikuwa wake kabisa: chini ya sabini, nje. Tena kando ya kila jina lililoguswa palikuwa na kialama cha kijivu, gia ndogo yenye meno. Gia! Tajudini alipoiona mara ya kwanza alicheka peke yake. Musafiri kachagua gia iwe sahihi yake, alijiambia, kwa heshima ya gereji.

Basi wakaendelea kuongea kwa spana. Siku ya Idi Tajudini alimpa Jimmy unahodha ilhali amechoka hoi, makusudi, kama salamu. Kesho yake Jimmy yuko benchi, na gia ubavuni. Alicheka siku nzima. "Ananigombeza," aliwaambia mafundi. "Hata Idi ananigombeza!"

Kila Jumamosi Nsimire alishuka kwa miguu kutoka Gasenyi, mama wa miaka sitini na ushee, kapakata furushi la vitenge anavyouza. Kituo chake cha kwanza kilikuwa gereji.

"Taju mwanangu, amefanya nini juma hii?"

"Amemutosha Télesphore inje, mama. Amemupa repo. Ameweka mutoto mu lango."

"Télesphore alichoka?"

"Pumzi makumi tano na tisa."

"Hee! Amuache apumuzike basi," alisema, na uso wake ukafunguka. Hakuwahi kuona hoki hata kwenye picha, lakini alijua mistari minne, alijua nani mzee na nani chipukizi, na kanisani aliwaambia wenzake kwamba mwanawe anafanya kazi nyingi kule kwenye baridi, ila timu hajaiacha. Aliondoka gerejini akitembea upesi kuliko alivyokuja.

Ni Raihana, mke wa Tajudini, aliyesema neno. Alilisema mara moja tu, anasonga ugali, bila kugeuka. "Mutu mwenye vidole vya kupanga wachezaji, amekosa vidole vya kumupigia mama yake?"

Tajudini aliacha chakula akatoka. Alikasirika siku mbili, kama anavyokasirika mtu aliyeguswa kidonda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Juu ya anayejidanganya mwenyewe hawakusema kitu, na huyo njia yake inaweza kwenda miaka miwili na zaidi.

Mwaka huu ukoo ukachoka. Cirimwami, mdogo wa marehemu mumewe Nsimire, alivuka mpaka na ujumbe wa wazee. Mtu aliyenyamaza hivi, walisema, analiliwa. Matanga yanawekwa, watu wanalala chini, sala inasomwa, matanga yanaondolewa, na walio hai wanaendelea. Asiyeliliwa anawafunga wote: wadogo zake hawaoi, na mama yake hajui kama ni mama wa mtu au mfiwa. Nsimire aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hawezi kumlilia mtu ambaye jana tu amempumzisha kipa.

"Njoo Siku ya Posho ku fundi," alimwambia shemeji yake, yaani Jumamosi. "Utaona na macho yako."

Tajudini alipopewa habari hiyo alifurahi. Nalisema kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa: alifurahi kama fundi aliyeitwa kuthibitisha kazi. Cirimwami macho yake yalikuwa hafifu, kwa hiyo Alhamisi Tajudini alikwenda kibanda cha jirani, kilekile cha Musafiri, ambacho sasa ni cha Benite, binti anayetengeneza simu. Alitaka amchapie kwenye karatasi kubwa majina na zile gia.

Benite alichukua simu. Yeye Kiingereza anasoma. Alitazama, akasogeza kidole, akatazama tena.

"Tonton, unataka nichape hii ya nini?"

"Ni ushuhuda. Kila penye gia, njo Musafiri aligusa."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliniambia. Mi najua mukono yake."

Benite hakucheka. Ingekuwa heri angecheka. Alifungua sehemu ile ambayo Musafiri alisema isiguswe, akaweka simu mezani kati yao na kusoma polepole, neno kwa neno, akigeuza kwa Kiswahili. Msaidizi wa kocha: amewashwa. Amri yake: kila mchezaji mwenye pumzi chini ya sabini atolewe, aingie anayefuata kwa alama. Kazi ifanyike kila usiku, kocha akiwepo au asiwepo. Imewashwa tarehe fulani, saa mbili kasoro za asubuhi. Tajudini aliijua tarehe hiyo. Ndiyo asubuhi ya begi mgongoni.

"Alikuwa anaenda safari ya siku tatu," Benite alisema. "Nazani aliogopa timu itateseka mu njia. Halafu akasahau kukuambia."

"Na gia?"

"Gia ni alama ya mashini, tonton. Kila mutu mwenye kucheza hii jeu iko nayo."

Tajudini akamwomba atazame kama kuna mahali panapoonyesha nani aliingia. Palikuwepo. Simu mbili tu. Moja ilikuwa hii hapa, kila alfajiri, bila kukosa hata siku moja. Nyingine ilikuwa na mistari mingi mwanzoni, kisha michache, kisha wa mwisho: tarehe kumi na nne, mwezi wa pili, mwaka juzi.

Karatasi haikuchapwa. Tajudini alirudi gerejini akakaa juu ya tairi lake. Aibu ilimjia kwanza, maana yeye ndiye aliyeitwa mjua mikono, na kwa miaka miwili alikuwa akiisalimu mashine na kucheka majibu yake. Kisha aibu ikapita, ikaja huzuni, na huzuni haikupita. Siku zile zote Musafiri hakuwepo. Idi hakuwepo. Alikuwa amekufa, au yu hai na amewatupa, na Tajudini hakujua aombe kipi kati ya hivyo viwili. Na mama wa watu alikuwa amezuia matanga ya mwanawe kwa neno lake yeye.

Alimwambia Raihana. Raihana hakusema "nilikuambia." Alimmiminia chai, akaketi karibu naye, na hapo ndipo Tajudini alipojua kwamba hakuna namna ya kulipamba jambo hili.

Jumamosi Nsimire alifika mapema. Alivaa kitenge kipya, kapiga kilemba, na nyuma yake alikuja Cirimwami na fimbo yake, mzee mpole ambaye safari haikumpendeza. Tajudini alikuwa ameyapanga maneno yake tangu juzi. Hakupata nafasi ya kuyatoa. Nsimire aliketi juu ya tairi kama mwenye nyumba, akaanza kumweleza shemeji yake.

"Mistari iko ine. Huyu Jimmy ni mbio, lakini anachoka haraka. Musafiri anajua. Akiona pumzi imeshuka, pap, anamutosha. Hana huruma ya ovyo kama Taju." Akamcheka Tajudini kwa macho. "Na kipa muzee, anamuheshimu lakini anamupumzisha. Mutoto ana akili. Taju, muonyeshe baba yake mudogo. Usiku huu amefanya nini?"

Cirimwami aliinamisha uso kuelekea simu. "Ni kweli, fundi? Ni yeye?"

Tajudini alikuwa na njia mbili, na zote ziliishia kwa mama huyu. Angeweza kusema ndiyo. Mzee angerudi kwao, Jumamosi ingekuja, na nyingine, na Nsimire angeshuka kutoka Gasenyi kusikiliza habari za mashine mpaka miguu yake ikatae.

"Apana, muzee," alisema. "Si yeye."

Akawaeleza yote: msaidizi, amri ya sabini, gia. Aliongea akitazama mikono yake. Alipomaliza, mafundi walijifanya hawasikii, na Nsimire alikuwa bado ameshika tabasamu ambalo hakujua aliweke wapi.

"Na ile siku ya Pasaka," aliuliza, "alipoweka Prodige mu lango?"

"Ni mashini, mama."

"Na ile siku nilikuwa na malaria, ukaniambia amebadilisha mistari yote ine, nami nikasema amesikia mama yake anagonjwa?"

"Wote walikuwa wamechoka siku ile. Ni mashini."

"Na jana?"

"Mashini, mama. Nisamehe."

Hakulia. Alivua kilemba chake polepole, akakikunja mara mbili, akakiweka mapajani. Kichwa chake kilikuwa cheupe kuliko Tajudini alivyodhani.

"Shemeji," Cirimwami alisema taratibu, "hii haina kusema amekufa. Inaweza kuwa ni muzima, ila..." Akakwama hapo, maana aliona anakokwenda ni kubaya zaidi.

"Ila ametuacha," Nsimire alimalizia. "Wapi! Apana. Mwenye kufa, mi najua namna ya kumufanyia. Mwenye kuacha mama yake simujui, sikumuzaa." Akamgeukia Tajudini. "Na kesho, hiyo mashini itapanga tena?"

"Itapanga."

"Hata kama mutu haiko."

"Hata kama haiko, mama."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu aliye mbali. Cirimwami alitoa mfukoni daftari lake dogo la sala na kalamu, akafungua ukurasa wa nyuma ambapo ameandika wafu wa ukoo, kila mmoja na siku yake. Aliandika jina. Kisha kalamu ikasimama.

"Siku ya musiba ndiyo sina," alisema. "Bila siku, hatuwezi kuhesabu matanga."

Nsimire aliinua macho akamtazama Tajudini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza kitu kwa sauti ndogo vile.

"Taju mwanangu, we njo unajuaga habari zake. Uniambie. Nianze kumulilia tangu siku gani?"

Tajudini akafungua simu. Akapita majina yote na gia zake, akapita alfajiri zake mwenyewe zote, moja juu ya nyingine, akashuka mpaka chini kwenye ule mstari wa mwisho wa simu ya pili. Akausoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kama anavyosoma namba ya injini, na mzee akaandika.